Mzunguko wa Mwamba wa Wesu: Kutoka Steji ya Wundanyi na Kurudi

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta

 

Mazungumzo ya leo yanahusu matembezi mafupi yanayoanzia steji ya matatu ya Wundanyi na kuishia pale pale steji, baada ya kupanda hadi Mwamba wa Wesu na kushuka kwa njia nyingine. Wapo watakaocheka. Mkazi wa Wundanyi hahitaji kufundishwa kupanda mlima. Ameupanda tangu akiwa mgongoni mwa mamake. Mwanafunzi anaupanda akiwahi kengele, mgonjwa anaupanda akienda hospitali, na mama anaupanda na debe la mahindi kichwani. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema ameenda matembezi.

Lakini kaunti hii ni kubwa, na wengi wa wakazi wake wanaishi chini kwenye joto. Yuko mtu mzima wa Voi au Taveta ambaye ameiona milima hii kila siku ya maisha yake na hajawahi kusimama juu yake. Anajua Wundanyi kwa sababu aliwahi kutumwa huko kufuata karatasi ofisini, akarudi na matatu ya saa kumi. Mazungumzo haya ni yake kwanza. Ni ya mkazi wa Wundanyi pia, kwa sababu njia anazozipita kila siku bila kuzifikiria zinaanza kuzibwa, na jambo hilo litaelezwa tukifika mahali pake.

Kufika Wundanyi si kazi. Anayetoka Mombasa au Nairobi hushuka Voi, ama kwa basi ama kwa treni ya SGR iliyoanza safari mwaka 2017. Kutoka Voi barabara ya Taveta inampeleka hadi Mwatate, na pale Mwatate matatu inaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kona kwa kona. Hapo ndipo abiria anayejua safari hutoa sweta kwenye mkoba. Kwa mwendo mfupi tu mkonge na vichaka vya nchi kavu vinabaki nyuma, na migomba inaanza. Wundanyi uko bondeni, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na milima imeuzunguka pande zote. Mgeni hushangaa kwamba ni kaunti ile ile. Takriban asilimia 62 ya Taita Taveta ni mbuga ya Tsavo, nchi ya ndovu na vumbi jekundu. Milima hii ni sehemu ndogo sana ya ramani, ila ndiyo inayotoa mboga na maji.

Matembezi yaanze mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni saa nzuri, na saa moja bado haijachelewa. Ukungu unaweza kuwa umekaa juu ya mwamba, lakini siku nyingi huondoka jua likipata nguvu. Mtu anayetembea polepole, anayesimama kusalimia na kupumua, atatumia muda wa saa tatu au nne mzunguko mzima. Kijana mwenye haraka atatumia nusu yake na hataona kitu.

Kutoka steji mtembeaji apite sokoni. Hakuna haja ya kubeba chakula kutoka nyumbani. Atapata ndizi mbivu, parachichi kwa msimu wake, na kibandani chai na mahamri. Anunue na maji, kwa kuwa vijito vya njiani vinapita katikati ya mashamba na si vya kunywa hivi hivi. Viatu viwe na meno. Udongo wa milimani ni mwekundu na mzito. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, ukinyeshewa ni kama umepakwa sabuni. Champali ni za sokoni tu.

Baada ya nyumba za mwisho za mji njia inaingia mashambani na kuanza kupanda. Hii ni njia ya miguu, upana wake ni wa mtu mmoja na mzigo wake, na watu wawili wakikutana mmoja husimama kando. Kwa desturi anayeshuka humpisha anayepanda, na asiyebeba humpisha aliyebeba. Mgeni hatakosea akisalimia kila anayekutana naye. Akimkuta mzee amkatikie shikamoo yake vizuri. Akijua kusema kwawuka mana, ataonyeshwa njia bila kuuliza. Na atahitaji kuonyeshwa, maana njia zinagawanyika mara nyingi na hakuna kibao. Swali la kuuliza ni moja: "Njia ya Wesu ni ipi?"

Mashamba yenyewe yanastahili kuangaliwa. Mlima umekatwa matuta, ngazi baada ya ngazi, mahindi na maharagwe, viazi, sukuma wiki, kabeji, miwa kwenye unyevu wa bondeni, na katikati yake miti ya makadamia na migrevilea. Kwa macho ya mtu wa nchi tambarare matuta ni urembo. Kwa mkulima ni kazi isiyokwisha: kila masika tuta hubomoka mahali, na likiachwa bila kutengenezwa udongo wa shamba hili unalala kwenye shamba la jirani wa chini. Ndiyo maana mtembeaji asikanyage kingo za matuta akitafuta njia ya mkato. Hatua mia za wageni mia kwenye ukingo mmoja ni tuta limekwenda.

Chini ya udongo huo kuna mkazi ambaye wengi wamemchimbua na jembe wakamtupa wakidhani ni mnyoo au nyoka mdogo. Hana miguu, ni mweusi unaoelekea buluu, na anaishi ardhini penye unyevunyevu, hata shambani kwenye migomba. Si mnyoo wala si nyoka. Ni wa ukoo wa vyura. Wanasayansi wanamwita Boulengerula taitana, na jina hilo la pili ni jina la Taita, kwa sababu aina hii ni ya milima hii. Mwaka 2006 watafiti walitangaza jambo ambalo liliushangaza ulimwengu wa sayansi: watoto wa mnyama huyu hula ngozi ya mama yao. Mama hunenepesha ngozi yake kwa mafuta, watoto wakaikwangua kwa meno yaliyoumbwa kwa kazi hiyo, na ngozi nyingine ikaota. Mama haumii, ndivyo anavyonyonyesha. Hana sumu ya kumdhuru mkulima, na hali mahindi. Anayemchimbua amrudishe ardhini.

Sasa kuhusu njia kuzibwa.

Katikati ya kupanda, mtembeaji atafika mahali ambapo njia inapita kati ya boma na boma, karibu sana na jiko la mtu. Hapo ndipo mgeni huona haya na kudhani amepotea. Hajapotea. Njia nyingi za milimani zilikuwapo kabla ya mashamba kupimwa na kuandikwa kwa majina ya watu. Wazee walizipita wakienda mtoni, kwenye mnada, msibani. Upimaji ulipokuja barabara za magari zilichorwa, ila si kila njia ya miguu iliyopata mstari wake kwenye ramani. Kwa miaka mingi haikuleta taabu, kwani aliyekuwa na hati alikuwa anamjua kila apitaye, na apitaye alikuwa shemeji yake.

Hali imebadilika. Shamba la baba limegawanywa kwa watoto wanne au watano. Kila mmoja anataka kutumia hata kipande cha mwisho. Mwingine ameuza kwa mtu asiye wa mlima huu. Mnunuzi anaangalia hati, haoni njia, anazungusha senyenge. Mbele ya karatasi hajakosea. Lakini upande wa pili wa senyenge kuna mama mjamzito ambaye alikuwa akifika hospitali ya Wesu kwa mwendo wa robo saa, na sasa anazunguka kwa barabara au anatafuta nauli ya bodaboda. Kuna mtoto wa darasa la kwanza anayepita ukingoni mwa barabara ya magari kwa sababu kijia chake kimefungwa. Mtalii akifungiwa njia anarudi hotelini, yeye hana hasara kubwa.

Watu wengi hawajui kwamba sheria ina la kusema hapa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitambua haki ya njia ya umma, na inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi uwezo wa kuianzisha juu ya ardhi ya mtu. Kwa upande wake Katiba, katika Jedwali la Nne, inaziachia kaunti barabara za kaunti na utalii wa ndani. Lakini ofisi haiwezi kutetea njia isiyoijua. Mahali ambapo mambo yamekwenda vizuri, kazi ilianza chini kabisa: majirani walikaa na mwenye shamba kabla senyenge haijanunuliwa, wazee wakashuhudia njia ilipopita tangu zamani, chifu akaandika, mpima ardhi akaitwa wakati wa ugavi wa shamba na si baada yake. Mara nyingine njia husogezwa mita kumi ipite mpakani badala ya katikati ya shamba, na kila mtu akabaki na haki yake. Ni afadhali hivyo kuliko kuikata senyenge ya mtu usiku, jambo ambalo ni kosa na halijawahi kufungua njia zaidi ya wiki moja.

Mwenye shamba naye ana malalamiko yake, na ni ya kweli. Apitaye anachuma parachichi. Mbwa wa apitaye anafukuza kuku. Karatasi za biskuti zinatupwa kwenye mtaro wa maji. Vijana wanakuja na spika ya muziki Jumapili alasiri na kupita mlangoni pa mgonjwa. Anayetaka njia ibaki wazi aipite kama mgeni anavyopita uani kwa mtu.

Baada ya mashamba mlima unakaza. Miti inaongezeka, mingi yake ikiwa mikaratusi na misonobari, na chini ya miti hiyo hamna kitu kinachoota zaidi ya majani makavu. Hiyo si misitu ya asili ya Taita. Miti ya kigeni ilipandwa vileleni kwa ajili ya mbao na kuni, na imesaidia: nyumba nyingi za Wundanyi zina paa kwa sababu yake. Ubaya wake ni kwamba mkaratusi hunywa maji mengi, na uking'ang'ania juu ya chemchemi, chemchemi hunyong'onyea. Wazee wanaoikumbuka mito ya zamani wanalijua jambo hili bila kusomewa. Anayetaka kupanda miti ya biashara apande mbali na maji. Kando ya chemchemi apande ya asili.

Juu ni Mwamba wa Wesu wenyewe, jabali tupu linaloutazama mji. Pale miguu inaacha udongo na kukanyaga jiwe, na upepo unafika kwa mara ya kwanza.

Ni lazima kusema waziwazi: mwamba hauna ukuta wala kamba. Jiwe linateremka polepole, halafu linateremka kwa ghafla. Likiwa kavu lina mshiko mzuri. Likiwa na umande au ukungu linateleza. Watoto washikwe mkono. Anayepiga picha asirudi nyuma akiangalia simu. Aliyeonja mbangara asipande siku hiyo. Mbangara upo siku zote, unaweza kusubiri kushuka. Radi zikianza kunguruma, jabali si mahali pa kukaa hata kidogo. Na ukungu ukishuka ghafla, mtu aketi alipo, asubiri ufunguke. Hauchukui muda mrefu.

Anayeketi siku ya jua atauona mji wa Wundanyi chini yake kama umewekwa kiganjani: mabati, steji, shule, matuta aliyoyapita. Kwingine, milima inapoachana, macho yanaporomoka hadi tambarare za Tsavo, na mtu anaelewa kwa nini wakazi wa huku wanazungumza juu ya kupanda na kushuka badala ya kwenda na kurudi. Tambarare ile ni zaidi ya mita mia nane chini. Huko ndovu wanaingia mashambani na watu wanalala macho. Huku juu mtoto anaweza kukua asimwone ndovu hata mmoja.

Tofauti hiyo inaletwa na upepo. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husafiri juu ya nchi kavu bila kudondosha mengi, kisha zinagonga milima hii, zinapanda, zinapoa, na maji yake yanatoka kama mvua na ukungu. Hata miezi isiyo na mvua, ukungu unaonaswa na majani ya miti hudondoka chini tone kwa tone na kuingia ardhini. Mtu akisimama ndani ya msitu asubuhi ya Julai ataisikia hiyo mvua isiyo mvua. Maji yanayofika kwenye mifereji ya wakulima na kwenye mabomba ya watu wa chini yameanzia hapo. Ukikata msitu wa kileleni, anayekosa maji si ndege peke yake.

Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ya milima ya kale inayoitwa Tao la Mashariki. Safu hiyo inaanzia hapa, inavuka mpaka kwenda Upare, Usambara, Uluguru na Udzungwa nchini Tanzania. Kwa kuwa kila mlima umezungukwa na nchi kavu kama kisiwa kilivyozungukwa na maji, viumbe wake wamekaa peke yao kwa muda mrefu mno hata wakawa aina zao. Ndiyo sababu kuna ndege wasiopatikana kokote duniani ila hapa. Yuko mmoja mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu za rangi ya kutu, anayeokota chakula chini kwenye majani makavu ya msitu. Vitabu vinamwita Turdus helleri. Yuko apalis wa Taita, ndege mdogo sana, ambaye ni miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Yuko na kinyonga ambaye dume lake lina pembe mbili bapa puani. Katika msitu wa Mbololo linaota ua dogo la zambarau, ndugu wa yale yanayouzwa kwenye vyungu madukani Ulaya, na aina hiyo haiko mlima mwingine wowote.

Wote hao wanaishi kwenye vipande. Msitu wa Ngangao, ambao ni mwendo mfupi wa gari kutoka Wundanyi, una hekta 120 tu hivi. Chawia ni mdogo kuliko huo. Vingine, kama Fururu, Vuria na Yale, ni vidogo zaidi, na kati ya kipande na kipande kuna mashamba. Ndege wa msituni hapendi kuvuka shamba lililo wazi. Chuo Kikuu cha Helsinki cha Ufini kina kituo cha utafiti papa hapa Wundanyi, na wanafunzi wanasafiri kutoka mbali kuja kuipima misitu hii. Ingekuwa vyema kama shule za Voi nazo zingepanga safari moja kwa mwaka.

Moto ndio adui wa karibu. Kileleni penye misonobari na nyasi kavu, moto wa mrina asali au wa anayechoma magugu huruka mpaka ukipata upepo. Mwezi wa Februari na ule wa Septemba si miezi ya kuwasha kitu huko juu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 imewapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya jamii vya kutunza misitu na kupewa haki za matumizi, kama kufuga nyuki na kuokota kuni. Mwanachama aliye na mzinga wake msituni hauwashi moto ovyo, na anamwona mwenye kuuwasha kabla ya askari wa misitu.

Baadhi ya vilima vidogo vina miti mikubwa ya asili ambayo haikuguswa hata wakati wa njaa ya ardhi. Hizo ni fighi, mahali patakatifu pa Wadawida, ambapo wazee waliingia kwa utaratibu na mwingine yeyote hakuingia. Hakukuwa na askari wala faini ya mahakama. Palikuwa na katazo, nalo lilitosha kuhifadhi miti iliyoshindwa kuhifadhiwa na mengi yaliyokuja baadaye. Ibara ya 63 ya Katiba inazihesabu sehemu za ibada za jamii, pamoja na misitu ya jamii, kuwa sehemu ya ardhi ya jamii pale zinapomilikiwa au kutumiwa hivyo kihalali.

Hapa kuna jambo ambalo wageni huliulizia kabla ya mengine yote: mapango ya mafuvu. Zamani Mdawida alizikwa, na baada ya muda fuvu lake likafukuliwa kwa heshima na kupelekwa kwenye pango la ukoo, lielekezwe pamoja na ya waliomtangulia. Mahali hapo ni ngomenyi. Watu walikwenda pale wakati wa ukame, ugonjwa au ugomvi wa nyumba, wakazungumza na waliokuwa pale. Desturi ilikoma dini na utawala mpya vilipoingia, lakini mafuvu yapo, na jirani na Wundanyi kuna pango linalojulikana hata kwenye vitabu vya watalii.

Pango hilo halikuwekwa kwenye mzunguko huu, na haikuwa kusahau. Wale si vitu vya kale. Ni babu za watu wanaokaa kilomita moja kutoka hapo, na wengine wanajua fuvu lipi ni la nani. Picha ya kijana ameshika fuvu na kucheka, ikishazunguka kwenye simu, haiwezi kurudishwa. Wakazi wa pwani wanakumbuka yaliyowapata Wamijikenda: vigango vya wazee wao viling'olewa, vikauzwa, vikaonekana baadaye kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani, na kuvirudisha hata vichache kumekuwa kazi ya miaka. Anayetaka kwenda ngomenyi aanze kwa wazee wa ukoo husika, aende nao au na mtu waliyemtuma, asiguse, na akiambiwa asipige picha asipige. Akiambiwa leo siyo siku yake, arudi. Wapo wazee wanaoona ni afadhali vijana wapaone na kujifunza. Wapo wanaoona pafungwe kabisa. Hawajakubaliana, na hakuna ofisi inayofaa kuwaamulia kwa haraka.

Kijana anayeijua milima anaweza kupata riziki kwa kuongoza wageni, ingawa si vyema kumdanganya mtu kwamba njia moja itaajiri kijiji. Itawapa watu wachache siku kadhaa kwa mwezi. Lakini kuna kuongoza na kuongoza. Anayetembea mbele kimya na kunyoosha mkono mwishoni atalipwa mara moja. Anayejua jina la mti kwa Kidawida na kwa Kiswahili, anayejua tuta hili lilijengwa na nani na ndege yule anaimba nini, ataitwa tena, na ataitwa kwa simu. Bei ikubaliwe steji kabla ya hatua ya kwanza, mgeni wa Nairobi na mgeni wa Ulaya wasitozwe kwa kuangaliwa nyuso, na mwongozaji asiwapeleke watu kwenye genge wasiloliweza kwa ajili ya picha.

Kushuka, mtembeaji asirudi kwa njia aliyopandia. Magoti yatamlaumu, na matuta pia. Afuate upande wa hospitali ya Wesu na kuiteremka barabara ya magari. Ni ndefu zaidi lakini ni ya taratibu, na ndiyo inayoufanya mzunguko. Hospitalini apite bila kelele. Wanaokuja na magari yao wasiyaegeshe langoni. Ambulensi haina njia nyingine ya kuingia. Barabarani atembee upande wa kulia akiyatazama yanayokuja, kwani bodaboda huteremka kona hizo injini ikiwa imezimwa ili kuokoa petroli, na mtu hawasikii mpaka wamemfikia. Waendesha bodaboda wanaosikiliza wanajua ni nani anayezungumziwa.

Mzee asiyeweza kupanda, au mtu mwenye shida ya miguu, ageuze mpango: apande bodaboda hadi juu upande wa hospitali, akae kwenye jiwe kadiri apendavyo, ashuke kwa bodaboda hiyo hiyo au kwa miguu kidogo kidogo. Atakuwa ameona yote isipokuwa jasho.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Septemba, ingawa Julai huku juu ni baridi ya kweli na ukungu unaweza kukaa hadi saa tano. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mashambani zinaharibika na wakulima wana kazi, waachiwe. Vuli huanza Oktoba, na asubuhi kati ya mvua mbili ndizo zenye hewa safi kupita zote. Siku za namna hiyo, anayetaka zaidi anaweza kuendelea siku ya pili hadi Vuria, kilele cha juu kabisa cha Taita chenye mita 2,208, ambako Kilimanjaro huonekana mawingu yakikubali.

Steji, mtembeaji atakuwa na njaa. Aulize wapi kuna kimanga siku hiyo. Si kila kibanda hukipika, na kikipatikana huisha kabla ya saa saba. Matatu za Mwatate na Voi zinajaa upesi siku ya soko, kwa hiyo anayelala mbali anunue tikiti kwanza, ndipo aketi kula.

Wenye maswali juu ya njia iliyozibwa mahali walipo waje mbele sasa, pamoja na jirani zao kama wapo, waseme ni njia ipi, inatoka wapi na inaelekea wapi.